Mlozi hana mkoba

Kiswahili humwita mchawi kila anayedhaniwa kudhuru kwa nguvu za giza, awe amezaliwa nazo au amezinunua. Wanyakyusa wa Kyela hutofautisha. *Ndosi*, wingi wake *abalosi*, ni ndugu wa neno letu mlozi, na mwenye jina hilo aliaminika kubeba chatu tumboni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi nao miaka ya 1930 na kuandika *Good Company* (1951), aliikuta imani hiyo: nguvu imo mwilini. Hapana tunguri, hapana mzizi, hapana ukucha uliofungwa kwenye kitambaa. Hivyo ni vya mwenye dawa.

Ndiyo maana kupekua nyumba hakukutosha. Mtuhumiwa alinyweshwa umwafi, dawa ya kiapo. Akitapika, yu safi. Ulikuwa ukatili, na mzizi wake naufahamu: tuhuma isiyodai kielelezo, bibi kizee hawezi kuikanusha hata akifungua kila kapu la nyumbani kwake. Sitaki neno mlozi litumike hivyo vijijini.

Mezani, kwenye mchezo, ni jambo jingine. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika, hata mwenye uchawi wa kuzaliwa, akitaka kurusha mpira wa moto, hudaiwa kinyesi cha popo na salfa, au walau kifaa cha kushika badala yake. Naona hilo ni kosa. Anayeutafsiri mchezo huo amwite huyo wa kuzaliwa mlozi, amvue mkoba wa dawa. Mkoba abaki nao aliyesomea uchawi, anayejua mzizi upi huchimbwa wapi.