Sura Nyingi za Wayahudi katika Filamu za Awali za Kiyidishi

Filamu za Kiyidishi ni sinema zilizotengenezwa kwa ajili ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki na ndugu zao waliohamia Marekani. Kiyidishi kina mizizi ya Kijerumani, kimechanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Wasemaji hao hawakuwa na dola yao, nao walitawanyika katika nchi nyingi. Ndiyo maana sinema yao haikutoa picha moja ya Myahudi.

Chimbuko

Filamu hizi zilizaliwa na jukwaa na vitabu. Waigizaji wengi walitoka katika tamthilia, na visa vingi vilitoka kwa waandishi kama Sholem Aleichem na Peretz Hirschbein. Enzi ya filamu bubu ilitawaliwa na Vienna, Warsaw na Muungano wa Kisovyeti. Sauti ilipoingia, New York na Warsaw zikashika usukani, na miaka ya 1936 hadi 1939 ikawa kilele.

Dini na desturi

*Der Dibuk* (1937), iliyoongozwa na Michał Waszyński nchini Poland, inasimulia habari za bibi harusi anayepagawa na roho ya kijana aliyekufa akimpenda. Mwandishi wa tamthilia iliyozaa filamu hiyo, S. An-sky, aliongoza msafara wa kukusanya mila na hadithi za Wayahudi vijijini kuanzia 1912 hadi 1914. Kwa sababu hiyo filamu imejaa desturi za Wahasidi, wafuasi wa madhehebu ya kiroho yanayoongozwa na marabi wao. *Ost und West* (Vienna, 1923) inawapambanisha wacha Mungu hao na binti wa Kimarekani anayekula kwa siri Siku ya Upatanisho, siku ya mfungo. Kila upande unabadilishwa na mwenzake, wala hakuna anayedharauliwa.

Kazi na siasa

*Uncle Moses* (1932) inaonyesha wahamiaji wa New York wakitumikishwa katika karakana ya nguo na tajiri wa kabila lao wenyewe. *Mir Kumen On* (1936), ya Aleksander Ford, inahusu watoto wa maskini katika kituo cha afya karibu na Warsaw. Serikali ya Poland iliipiga marufuku. Katika Muungano wa Kisovyeti, *Nosn Beker Fort Aheym* (1932) inamrudisha nyumbani mwashi wa Kiyahudi kutoka Marekani akiwa na mfanyakazi mwenzake mweusi, Jim, aliyeigizwa na Kador Ben-Salim.

Wanawake

Nyota mkubwa alikuwa Molly Picon. Katika *Yidl mitn Fidl* (1936), ya Joseph Green, anavaa nguo za kiume ili asafiri na baba yake wakipiga muziki mitaani. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa katika mji wa Kazimierz Dolny, na wenyeji wakaonekana katika picha.

Mipaka

Upana huu ulikuwa na kasoro. Lugha yenyewe iliwaacha nje Wayahudi wa Yemen, Moroko na Uhindi. Wasio Wayahudi mara nyingi walichorwa kijuujuu: katika *Tevya* (1939), ya Maurice Schwartz, wanakijiji wa Kiukraine ni wakali na wa kudhihaki, na binti wa Kiyahudi aliyeolewa na mmoja wao anarejea kwa baba yake akijuta. Hata hivyo mchoro huo mkali ulitokana na hofu ya kweli, kwani filamu ilitengenezwa wakati chuki dhidi ya Wayahudi ikitapakaa Ulaya.

Hatima na urithi

Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidishi. Watazamaji wengi wakaangamia, na tasnia ikafa. Solomon Mikhoels, nyota wa *Yidishe Glikn* (1925), aliuawa mwaka 1948 kwa amri ya Stalin. Filamu zilizosalia zinahifadhiwa na taasisi kama Kituo cha Taifa cha Filamu za Kiyahudi nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1976.

Anayetaka kuifahamu jamii hiyo asiishie kwenye filamu moja. Ya mcha Mungu aitazame pamoja na ya mshonaji nguo, na ya kijijini pamoja na ya New York, kwani hakuna hata moja inayoweza kuwasemea wote.