Jiwe kwa Mola, Udongo kwa Waja: Kale ya Ujenzi wa Nyumba katika Wingwi

Mtu anayezuru kaskazini mwa Pemba kwa nia ya kuona majengo ya kale huoneshwa misikiti na makaburi. Huoneshwa mihirabu iliyochongwa kwa tumbawe, na kuta zilizoshikwa na mizizi ya miti. Lakini akiuliza zilipo nyumba za watu waliosali katika misikiti ile, hapana ukuta wa kumuonesha. Huoneshwa mihogo na minazi. Kutokana na ukimya huo, wapo waliohukumu kwamba wenyeji wa zamani walikuwa mafukara wasiojua kujenga, na kwamba kila jiwe lililosimama ni kazi ya wageni. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo kwa kuitazama Wingwi na majirani zake, na kwa kuuliza suali moja: zamani mtu wa huku alipotaka kujijengea nyumba, alipanga nini, kwa kipimo gani, na kwa nini aliijenga kwa kitu kisichodumu?

Wingwi imo katika Wilaya ya Micheweni, na jina hilo limebebwa na shehia kadhaa, zikiwemo Wingwi Mapofu, Wingwi Mjananza, Wingwi Mtemani na Wingwi Njuguni. Pemba ina sura mbili. Upande wa magharibi ni vilima na mabonde yenye udongo mzito uliokubali mikarafuu. Upande wa mashariki ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Wakaazi wa kaskazini wamekuwa wakiishi baina ya sura hizo mbili. Hii ni nukta inayofaa kuwekwa moyoni tangu mwanzo: aliyejenga kwa udongo hakufanya hivyo kwa kukosa jiwe. Jiwe alilikanyaga kila siku alipokwenda pwani.

Ushahidi wa kale hauko mbali. Katika wilaya hiyo hiyo yako magofu ya Tumbe na Chwaka, ambayo wataalamu wa akiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher waliyachimba katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 1999 wawili hao walikuwa wameshaandika kwamba historia ya Waswahili imesimuliwa kwa kutazama majumba ya mawe tu, ilhali wengi wa watu wa miji ile walilala katika nyumba za miti na udongo. Machimbo yao yakaithibitisha kauli hiyo. Tumbe ilikaliwa baina ya mwaka 600 na 950 hivi, na nyumba zake zilikuwa za udongo. Hata hivyo, watu wake hawakuwa wanyonge: walitumia vyombo vilivyovuka bahari kutoka Ghuba ya Uajemi, na walitengeneza shanga kwa mikono yao. Chwaka ikafuata, ikaishi tangu mwaka 1050 hivi hadi 1500. Hapo palijengwa misikiti minne ya mawe, pamoja na makaburi ya mawe. Walakini nyumba zilizoizunguka misikiti hiyo zilikuwa, kwa wingi wake, za udongo na makuti.

Tuyatafakari hayo. Watu waliojua kukata tumbawe lingali bichi, kulichonga likiwa laini, kuchoma chokaa na kusimamisha mihirabu, hawashindwi kujijengea chumba cha mawe. Wakiliacha jiwe, wameliacha kwa kutaka. Kwa ufahamu wangu, palikuwa na mpango uliofahamika na wote: jiwe ni la kile kisichobadilika, na udongo ni wa kile kinachobadilika. Ibada haibadiliki, na maiti haongezi mke wala hapati mtoto. Lakini mtu aliye hai huoa, huzaa, huoza, hugombana na ndugu yake, hupokea mama aliyefiwa. Nyumba yake inatakiwa iweze kumfuata.

Upo mfano wa kinyume, na masimulizi ya Pemba hayakuusahau. Kule Pujini, kusini mashariki mwa Chake Chake, kuna boma lililozungukwa na tuta kubwa la udongo, ambalo wataalamu wanalinasibisha na karne ya 15. Wenyeji wanalinasibisha na Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukatili. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha raia wabebe mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, asiruhusiwe mtu kusimama. Iwe kweli au isiwe, kisa hicho kimebeba hukumu ya watu juu ya nyumba ya aina fulani: nyumba iliyopangwa na mtu mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja, na kubebwa na wengine. Masimulizi hayo hayo yanasema kwamba kaburi lililopo Chwaka ni la Haruni, mwanawe Mkama Ndume. Kwa hivyo, watu wa kaskazini walikuwa na kumbukumbu ya jengo la jeuri karibu nao, na bado wao walijenga kwa namna nyingine.

Namna hiyo ilianza kabla ya nguzo ya kwanza. Ardhi ya kujengea ilikuwa ndani ya kiambo, yaani makaazi ya ukoo, na haki ya kujenga hapo ilitokana na nasaba. Mtaalamu John Middleton, aliyechunguza umiliki wa ardhi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1961, alieleza jinsi kiambo kilivyokuwa mali ya kizazi, si ya mtu peke yake. Kwa hiyo ramani ya nyumba ilianza kwa mazungumzo. Nani atakaa jirani na nani? Mlango wa mbele utatazama wapi ili mgeni apokewe barazani bila ya macho yake kufika uani? Njia ya wanawake ya kwendea kisimani itapita upande gani? Choo kitakaa wapi ili kisielekee kibla? Kijana anayetaka kuoa hakuandika lolote. Alisikiliza, akajibu, akarekebishwa, na wazee waliponyamaza nyumba ilikuwa imeshachorwa.

Kipimo kilitoka mwilini. Wanda ni upana wa kidole. Shubiri ni kiganja kilichotanuliwa. Shubiri mbili ni dhiraa, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Na dhiraa nne ni pima, mikono miwili ikinyooshwa. Fundi alipima kwa mkono wake au kwa kamba aliyoifunga mafundo, na mkono huo huo ndio uliopima nyumba nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Mita haimjui mtu, ilhali dhiraa ni ya mtu fulani. Nyumba mbili zenye hesabu moja zingeweza kutofautiana kwa kuwa zilipimwa na mafundi wawili.

Mti nao ulikuwa na kauli. Hori za kaskazini mwa Pemba zina mikoko, na mikoko ndiyo iliyotoa nguzo, boriti, pau na fito. Katika nyumba ya mawe ya Kiswahili, popote pale, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti inayobeba dari, yaani mita 2.5 hadi 3, dhiraa sita hivi. Hii ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo sababu vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain vinashabihiana navyo: majahazi ya Ghuba yalikuwa yakirejea na boriti za Lamu na za Rufiji, na kipimo cha mwambao kikasafiri ndani ya mti. Biashara hiyo ilififia katika karne ya 20, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Nyumba ya udongo ya Wingwi haikufungwa na boriti kwa kiasi hicho, kwani uzito wa paa la makuti ni mdogo, na nguzo ikiongezwa chumba huongezeka. Hapo tena unaonekana ubora wa udongo: ulimpa mjenzi uhuru ambao jiwe lilimnyima.

Utaratibu wa kazi ulifuata majira. Nguzo zilichimbiwa, mtambaa-panya ukalazwa juu yake, makombamoyo yakapandishwa hadi kwenye mwamba, paa likapauliwa na kuezekwa makuti. Ndipo kuta zikafuata. Paa lilitangulia ukuta, ili wanaofanya kazi wawe kivulini na udongo usipigwe na mvua. Fito zikafungwa kwa kamba zilizosokotwa kwa makumbi, na siku ya kukandika jamaa na majirani wakaitwa. Wanaume walikanyaga udongo, wanawake walileta maji, watoto walirusha matonge ndani ya fito, na mwenye nyumba alitoa chakula. Ukuta uliokandikwa wakati wa kaskazi ulikauka kabla ya masika. Dua ikasomwa, wenyewe wakahamia.

Wapenzi wa mashairi watakuwa wameshaihisi harufu ya jambo wanalolijua. Neno letu ubeti limetoka katika Kiarabu bayt, ambalo maana yake ni nyumba. Wanaarudhi wa Kiarabu, tangu zama za Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, waliyachukua majina ya sehemu za shairi kutoka katika makaazi yao: nusu ya mshororo waliiita kwa jina la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili, na vipande vya mizani waliviita kamba na vigingi, kwani nyumba ya bedui ni hema. Sisi tukalipokea neno, tukajenga kwa miti yetu. Malenga hutunga kwa mizani iliyo mdomoni, kama fundi alivyopima kwa dhiraa iliyo mkononi. Wote wawili hawakuhitaji karatasi, na kazi za wote wawili zimeishi kwa kurudiwa. Shairi lisilosomwa hufa. Nyumba ya udongo isiyokandikwa tena nayo hurudi ardhini.

Mabadiliko yalikuja kwa njia nyingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kikaiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo fedha ya karafuu ikawa ndiyo tegemeo la kisiwa. Watu wa mashariki walikwenda dago wakati wa msimu kuchuma, na aliyerudi na akiba aliweza kuota paa la mabati. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka 1965 ikagaiwa kwa eka tatu tatu. Kiambo kikabaki katika nyoyo za watu, lakini si peke yake tena kilichoamua. Katika miaka hiyo Serikali ikaanza kujenga nyumba za maendeleo, Unguja na Pemba, vyumba vyake vikiwa sawa kwa kila familia. Usawa huo ulikuwa na heshima yake: aliyelala chini ya paa linalovuja alipewa dari na bomba la maji. Lakini ilikuwa ni mara ya kwanza kwa Mpemba kupewa nyumba iliyopangwa kabla ya yeye kujulikana, na bila ya kuulizwa ana watoto wangapi.

Hii leo saruji ndiyo inayotawala. Haifai kuilaumu kwa kuitamani jana. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mchwa hula nguzo. Cheche moja ya jikoni huweza kuteketeza mtaa. Na mikoko ikikatwa bila ya hadhari, pwani hubaki tupu. Mama aliyezoea kuhamisha vyombo kila masika ana haki ya kulitaka tofali. Khasara imekuja kwa njia nyingine, nayo ni kugeuka kwa mpangilio. Nyumba ya udongo ilikamilika kwa msimu mmoja, kisha ikakua pamoja na wenyewe. Nyumba ya tofali hupangwa kubwa tangu siku ya kwanza, hujengwa kidogo kidogo kwa fedha ya msimu au ya ndugu aliye ng'ambo, na aghalabu hufika kwenye linta ikasimama. Mti huota chumbani. Watoto waliopangiwa vyumba huoa na kuondoka kabla ya vyumba kuezekwa. Na atakapofariki mwenyewe, warithi hugawana kisichogawanyika, ilhali zamani kilichorithiwa kilikuwa ni kiwanja na haki ya kukikalia.

Pamoja na nyumba, lugha nayo imo hatarini. Fundi wa leo hutumia futi na linta, na hana haja ya kujua kombamoyo ni nini. Maneno ya ujenzi wa zamani hayajapata mtu wa kuyakusanya kama yalivyokusanywa mashairi ya Kamange na Sarahani, ambayo yaliwekwa kitabuni na kuchapishwa mwaka 2011. Wazee waliopandisha mapaa wakiwa vijana bado wapo, ingawa wanapungua. Kazi ya kuwasikiliza haitaki fedha nyingi. Inataka kalamu na subira.

Anayetaka kujenga Wingwi leo hahitaji kurudi kwenye udongo ili awafuate waliomtangulia. Yapo aliyoachiwa ambayo saruji haiyazuii: kuanza kwa mazungumzo na watakaoishi humo, kujenga vyumba viwili vikamilike, kisha kuacha mahali pa cha tatu, kufikiri uani kabla ya kupamba mbele. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Misikiti ya Chwaka inaendelea kusimama kwa kuwa ilijengwa isimame. Nyumba zilizoizunguka zilijengwa zikaliwe, na zilikaliwa kwa miaka mia nne na hamsini.