Melba Liston, aliyeipangia vyombo Uhuru Afrika

Santuri ya Uhuru Afrika inaanza kwa ngoma na sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, akisoma, kwa tafsiri yake mwenyewe, maneno ya mshairi Langston Hughes. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja na ushei kabla Tanganyika haijajitawala. Jalada lina jina la mpiga piano Randy Weston, na muziki ni wake kweli. Lakini aliyeamua nani apulize nini, na nani anyamaze, ni mwanamke: Melba Liston.

Alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1926. Akiwa na miaka saba aliiona tromboni ikiuzwa, akaitaka hiyo hiyo, mama yake akamnunulia. Tromboni ya kawaida haina vitufe kama tarumbeta. Sauti hutafutwa kwa kusukuma na kuvuta bomba, na nyingine ziko mbali kiasi kwamba mkono wa mtoto haufiki. Alijinyoosha hivyo hivyo, akifuata sikio lake.

Miaka ya 1940 alikuwa Los Angeles, katika bendi ya Gerald Wilson. Alipoitwa na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, wanaume wa bendi yake walinung'unika: mwanamke wa nini? Gillespie akawagawia nota alizozipanga Liston. Walipojaribu kuzipiga wakakwama, na maneno yakaisha.

Mwaka 1949 alizunguka na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini, kwenye ubaguzi mkali. Ziara ikaporomoka, fedha zikaisha. Liston akarudi nyumbani, akafanya kazi ya ofisini katika idara ya elimu. Naumia kila nikiifikiria miaka ile, kipaji kama kile kikikaa kimya. Gillespie ndiye aliyemrudisha, akamchukua kwenye ziara ya 1956 iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani.

Na Weston walielewana kama ndugu. Weston alileta wimbo kwenye piano, Liston akaugawa kwa vyombo. Kwa Uhuru Afrika alikuwa na wanamuziki zaidi ya 20, wakiwemo Max Roach na Babatunde Olatunji kwenye ngoma. Sikiliza kipande cha Bantu: wapulizaji wanapoingia hawazifuniki ngoma. Kuandikia kundi kubwa namna hiyo bila kuizima ngoma ni kazi ngumu, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kiswahili kilichaguliwa baada ya Weston kuwauliza Waafrika wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1964 Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo.

Miaka ya 1970 Liston alifundisha muziki Jamaika. Mwaka 1985 kiharusi kilimpooza upande mmoja, na tromboni ikawekwa chini. Akajifunza kuandika nota kwa kompyuta, na kwa njia hiyo akampangia Weston The Spirits of Our Ancestors, iliyorekodiwa 1991, kisha Volcano Blues. Alifariki Los Angeles mwaka 1999.