Nishati ya Mteremko: Breki Rejeshi na Baiskeli Zilizogeuzwa kuwa za Umeme, kwa Kurejelea Gare, Lushoto

Breki rejeshi ni breki inayogeuza mwendo wa chombo kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri. Historia yake kwa upande wa baiskeli imeandikwa zaidi kutokea miji tambarare, ambako nishati inayookolewa mara nyingi haifiki sehemu moja ya kumi ya ile iliyotumika. Hukumu kwamba teknolojia hii haina faida kwa baiskeli imetokana na mazingira hayo. Ukitazamwa kutoka Gare, katika milima ya Lushoto, mjadala unabadilika, kwani biashara ya Usambara ina tabia moja ya muda mrefu: kizito hushuka, chepesi hupanda.

Tabia hiyo iliitangulia baiskeli ya umeme milimani. Reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka 1905, mazao ya milimani yalipata mlango wa kutokea, ila mlango wenyewe ulikuwa bondeni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijengewa na Bleichert ya Leipzig njia ya waya ya kuteremshia miti ya mwangati kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli. Katika mitambo ya namna hiyo, toroli lenye mzigo linaposhuka huvuta waya unaopandisha toroli tupu. Uzito ndio injini. Kazi kubwa ya mtambo ni kuzuia kasi isizidi. Kiini cha breki rejeshi tayari kimo humo: nguvu inayozuiwa haiishii kuwa joto tu, bali sehemu yake hupandisha kitu kingine. Kilichokosekana ni ghala la kuihifadhi nguvu hiyo hadi safari ya kurudi.

Ghala hilo ni betri, nayo ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye baiskeli mbali na Usambara. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na mwishoni mwa karne hiyo magari ya umeme ya Louis Krieger wa Paris yalikuwa yakirejesha umeme yanapopunguza mwendo. Karne moja baadaye, BionX ya Kanada iliuza vifaa vya kugeuzia baiskeli za kawaida, vyenye breki rejeshi, hadi ilipofilisika mwaka 2018. Mwendesha baiskeli wa kijijini hahitaji historia hiyo ili aielewe kanuni. Yeyote aliyewahi kubana dainamo ya taa kwenye tairi anaujua uzito unaoingia miguuni papo hapo: umeme huzalishwa kwa kuuzuia mwendo.

Hesabu ya makadirio inaonyesha tofauti ya milimani. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, ni kilomita zipatazo 32 na mteremko wa takribani mita 1,000. Baiskeli na mpanda wake, jumla kilo 100, huachilia wati-saa 272 katika mteremko huo. Akiongeza kilo 100 za mboga, 545. Upepo na tairi hula sehemu yao, na mwendo ukizidi upepo hula zaidi. Lakini upepo hauongezeki kwa sababu ya mzigo. Kwa kilomita 15 kwa saa, baada ya mota na betri nazo kupoteza za kwao, chombo kilichopakia kinaweza kubakiwa na wati-saa 200 hivi, wakati kisicho na mzigo hakifikishi 100. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba 360.

Faida hiyo hutegemea mota iliyonunuliwa. Mota nyepesi za habu zenye gia huwa na friwili ndani, hivyo gurudumu huzunguka bila kuizungusha mota, na hakuna kinachorudi. Mota zisizo na gia hurejesha, ila ni nzito. Fundi anayechagua kwa bei na wepesi peke yake huenda akaiacha dukani sifa ambayo mlima ungemlipa. Tena, msukumo wa breki hugeuza mwelekeo wa nguvu kwenye ekseli, nati hulegea, na kipande cha chuma cha kuishikilia ekseli kwenye fremu ni cha lazima. Raba za breki nazo hazitolewi, kwani nguvu ya mota hufifia kadiri mwendo unavyokaribia kusimama.

Linabaki suala la betri iliyojaa. Betri iliyochajiwa usiku kucha haina nafasi ya kupokea kitu asubuhi. Kidhibiti hukata umeme unaorudi, na breki rejeshi hutoweka juu ya mteremko, pale mzigo unapokuwa mzito kuliko wakati wote. Kwa mchukuzi anayeishi juu na kuuza chini, betri ya kuondokea Gare ni ile isiyojaa.