Kaseti za Anjuna: Muziki wa Transi Uliopuuzwa

Hapa Kampala, wazee wakisikia neno "Wagoa" hukumbuka makarani, mafundi cherehani na wapiga muziki waliofika Uganda enzi za Waingereza. Wachache wanajua kwamba huko walikotoka, katika eneo dogo la India lililotawaliwa na Wareno hadi 1961, ulizaliwa muziki wa dansi unaoitwa Goa transi. Wanaoandika historia ya muziki huupitia kwa aya moja, tena aghalabu kwa ajili ya kutaja dawa za kulevya. Nadai kwamba unastahili zaidi ya hapo, na ushahidi wangu ni kaseti.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipiga kambi katika fukwe za Goa, hasa Anjuna. Mmoja wao alikuwa Gilbert Levey wa San Francisco, maarufu kama Goa Gil, aliyefariki 2023. Mwanzoni walicheza roki na rege. Mapema miaka ya 1980, DJ Mfaransa aitwaye Laurent alianza kupiga muziki wa mitambo kutoka Ulaya usiku kucha. Sehemu za kuimba ziliondolewa, vipande vya ala vikaunganishwa kwenye kaseti. Santuri zilikuwa nzito kusafirisha, na joto la pwani lilizipinda.

Baadaye zikaja kaseti za dijitali za DAT, na hapa ndipo penye utamu. Mashine zake hazikuwa na kidhibiti mwendo kama mashine za santuri, hivyo ilikuwa vigumu kuoanisha midundo ya nyimbo mbili. Watunzi wakazoea kuanza na kumaliza wimbo kwa sauti zinazoelea bila ngoma, ili mmoja ufifie na mwingine uingie. Wapo wanaousifu utangulizi huo mrefu kuwa ni tafakuri ya kiroho. Sawa, lakini mimi naona pia mashine iliyokosa kitufe.

Albamu chache, kama *Twisted* ya Hallucinogen (1995), zilipata jina. Nyimbo nyingine nyingi zilinakiliwa mkono kwa mkono, hazikuuzwa dukani. Utepe huchakaa, na mashine za kuusoma hazitengenezwi tena.

Kuna pengo jingine linaloniudhi zaidi. Majina ya madijei yameandikwa. Wanawake wa Goa waliotandika mikeka pembeni ya uwanja, wakauza chai kwa mwanga wa taa za mafuta mpaka alfajiri, wametajwa kama mandhari tu. Wao walikuwa macho usiku kucha na akili timamu, mashahidi ambao mwanahistoria yeyote angewatamani. Mwaka 2000 kanuni za India zilizuia vipaza sauti vya nje kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na biashara yao ikabanwa. Mama aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1992 leo yuko katika miaka ya sitini. Bado anaweza kuulizwa.