Dawa Iliyokuwa Udongoni

Msomaji kijana, mvua ya kwanza inyeshapo katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, huinuka harufu tamu ya udongo. Harufu hiyo hutokana zaidi na bakteria wadogo mno waitwao streptomisi. Viumbe hao tuwakanyagao kila siku wamewaponya watu wengi, nisikilize nikueleze.

Baada ya mwaka 1945, penisilini na dawa za jamii yake ziliua bakteria waletao maradhi. Lakini kuvu, jamaa ya ukungu uotao juu ya mkate, haikudhurika. Ikastawi vinywani na matumboni mwa wagonjwa. Huko Marekani, Elizabeth Hazen, mjuzi wa vijidudu mjini New York, alikusanya udongo wa mahali pengi. Kila alipoona bakteria wauao kuvu, aliwatia chupani akawapeleka kwa posta hadi Albany, kwa mkemia Rachel Brown. Huyu alichuja ile dawa, akairudisha ipimwe. Nyingi zilikuwa sumu hata kwa wanyama, zikatupwa. Mwishowe udongo wa shamba moja la Virginia ulitoa dawa salama, iliyotangazwa mwaka 1950: nistatini. Malipo yake, yapata dola milioni 13, mabibi hao hawakujichukulia. Yalitolewa kuendeleza sayansi. Katika miaka hiyo hiyo, udongo wa mto Orinoco, Venezuela, ulitoa amfoterisini B, yenye nguvu zaidi.

Je, yatuhusu nini sisi wa ziwani? UKIMWI ulipoenea Nyanza katika miaka ya 1980 na 1990, kuvu ilikuta miili isiyo na kinga. Ilitanda vinywani, na nyingine ikashambulia utando wa ubongo na kuua. Nistatini hutibu ile ya kinywani. Ya ubongo hutaka amfoterisini, ambayo hudhuru figo na zamani ilidungwa siku nyingi mfululizo. Uchunguzi wa nchi tano za Afrika, Uganda jirani yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa, iliyofungwa katika chembe za mafuta na kufuatwa na vidonge, yatosha. Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2022.

Basi kumbuka: kazi ya mabibi wale ilianza kwa udongo, chupa, posta na subira. Udongo wa Kano nao uko chini ya miguu yako. Ni nani atakayeinama kuupima?