Huduma za Afya Kamachumu: Kutoka Misheni ya Ndolage hadi Zahanati za Vijiji

Tiba ya kisasa ilipanda milima ya Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, kwa mkono wa kanisa zaidi kuliko wa serikali. Kabla yake Wahaya walimwendea omufumu, mjuzi wa mitishamba na ramli. Watawala wa kikoloni wa Kijerumani nao walihangaikia magonjwa ya mlipuko: mwaka 1898 Robert Koch alitambua kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ni tauni, na baadaye kambi ya wagonjwa wa malale ikawekwa Kigarama. Hayo hayakumpa mkulima wa Kamachumu mahali pa kumpeleka mtoto mwenye homa.

Mahali hapo palikuja kuwa Ndolage. Wamisionari Walutheri wa shirika la Kijerumani la Bethel walianza kazi ya tiba hapo; Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waswidi wakaishika, na leo hospitali ni ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wakatoliki nao walijenga hospitali za Rubya na Kagondo. Upande wa serikali, chini ya utawala wa Waingereza, ulikuwa na zahanati za serikali za wenyeji, zilizolipiwa kwa kodi ya wananchi na kusimamiwa na wahudumu wenye mafunzo mafupi: kufunga vidonda, kugawa dawa chache. Sindano ya buba ndiyo iliyowavuta watu, kwani ilionekana kuponya. Hata leo wapo wazee wanaoona hawajatibiwa kama hawakudungwa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali iligeukia vijiji. Zahanati na vituo vya afya viliongezeka, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikafundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Ila majengo yalitangulia dawa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uchumi uliodorora baadaye viliacha makabati matupu. Mpango wa dawa muhimu wa 1984 ulileta masanduku yaliyofungwa tayari. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini sanduku halikuuliza kijiji kinaugua nini: dawa ya malaria iliweza kuisha mapema huku nyingine zikibaki rafuni.

Katikati ya uhaba huo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walitambuliwa Ndolage. Ugonjwa ulionekana hapo kwa sababu hapo palikuwa na madaktari wa kuutambua. Zahanati ya kijiji isingeweza. Watu wa Bukoba waliuita Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Utafiti wa 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana virusi. Kufikia 1996 ilikuwa asilimia 13.3. Mzigo wa kuuguza ulibaki kwa hospitali za misheni na kwa mabibi waliolea yatima.

Uchangiaji wa gharama ulianza hospitali za serikali mwaka 1993, kisha ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ulidai zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Muleba, iliyopigwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006, ikawa pia uwanja wa majaribio ya vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu; matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuvipitisha mwaka 2017.

Ubora wa huduma zenyewe ulianza kupimwa nchi nzima mwaka 2015/16, kwa nyota. Karibu theluthi moja ya vituo vya msingi vilipata sifuri. Kila kituo kikapewa mpango wa kurekebisha kasoro zake, na katika upimaji wa 2017/18 vilivyobaki na sifuri vilikuwa takriban asilimia 4.